Unalala na Mito Mingapi?

Nawasalimu nyote mlioko Kanyakine, Nkubu na Igoji, nanyi wa Chogoria, Chuka hadi Embu, mlio jikoni na mlio shambani na redio imetundikwa kwenye mgomba. Leo nina swali moja kwenu, na ni swali la chumbani: unalala na mito mingapi?

Msicheke. Daktari anayeijua kazi yake humwuliza mgonjwa hivyo kabla hata hajamwekea chombo kifuani. Mtu alizoea mto mmoja. Akaongeza wa pili. Baadaye akakunja blanketi akaliweka chini ya mito hiyo miwili, na siku hizi usiku wa manane huinuka akaketi kwenye kiti karibu na dirisha akitafuta hewa. Huyo ameshatoa nusu ya habari. Ukisikia tena kwamba viatu vya kanisani vimekataa kuingia miguuni, na kwamba kile kilima cha kutoka mtoni alichokuwa akikipanda na mtungi mgongoni sasa anakipumzikia njiani, habari imekaribia kukamilika. Moyo wake unashindwa na kazi.

Lakini haujasimama. Hapa kwetu mtu akiambiwa moyo wa fulani umeshindwa, huanza kuuliza mazishi ni lini. Moyo kusimama ni jambo la dakika chache. Moyo kushindwa ni jambo la miezi na miaka: unapiga, mwenyewe anakula, anaenda sokoni, ila damu inayosukumwa haiutoshi mwili, au inautosha kwa gharama kubwa. Gharama hiyo ndiyo nitakayoizungumza zaidi leo, kwa sababu ninaamini watu wengi, wakiwemo waliosoma, hawajaielewa. Kinachomwangamiza mgonjwa wa aina hii, mara nyingi, ni namna mwili wake mwenyewe unavyojitahidi kumwokoa.

Tuanze na moyo ulio mzima. Kunja ngumi; hicho ndicho kipimo chake kwa mtu mzima, na uzito wake ni kama gramu 300. Ndani una vyumba vinne, viwili vya juu vya kupokea damu na viwili vya chini vya kuisukuma, na ukuta umetenga upande wa kulia na wa kushoto. Damu iliyozunguka mwilini na kumaliza kugawa oksijeni hurudi upande wa kulia, ikashuka chumba cha chini, ikasukumwa hadi mapafuni. Huko hutua hewa chafu na kubeba oksijeni mpya, kisha hurudi upande wa kushoto, na chumba cha chini cha kushoto huirusha kwenye aota, mshipa mkubwa kuliko yote, unaoigawa hadi ukucha wa mwisho. Upande wa kulia una safari fupi ya kwenda mapafuni hapo jirani, kwa hiyo ukuta wake ni mwembamba. Upande wa kushoto unalisha mwili mzima, na msuli wake ni mnene. Kati ya vyumba, na penye milango ya kutokea, kuna vali nne zinazoruhusu damu kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma. Ule mlio wa du-dup unaousikia ukimwegemea mtu kifuani ni wa vali zikifunga.

Wakulima wa Imenti Kusini mnayajua maji ya mradi. Yanachukuliwa juu msituni kwenye miteremko ya Mlima Kenya, yanaingizwa kwenye paipu na kushuka yenyewe mpaka shamba la ndizi, wala hakuna anayenunua dizeli. Mlima ndio unaoyasukuma. Damu haina mlima. Ikifika kwenye kidole cha mguu lazima irudi juu kifuani, na kutoka kifuani lazima ipande kichwani, tena umesimama wima. Ndiyo maana tukapewa pampu, na pampu hiyo ilianza kupiga kiasi cha wiki tatu tu baada ya mimba kutungwa, kabla mama wengi hawajajua kwamba ni wajawazito.

Ukiwa umetulia, moyo hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, na kila pigo hutoa karibu mililita 70 za damu. Hesabu hiyo inakupa kama lita tano kwa dakika, na lita tano ndiyo damu yote aliyo nayo mtu mzima. Kwa maneno mengine, damu yako yote huzunguka mwili na kurudi kila dakika. Kwa siku moja moyo hupiga karibu mara 100,000.

Leo tunayasema haya kwa urahisi, lakini yalichukua karne nyingi kueleweka. Galen, tabibu wa Kigiriki, alifundisha kwamba damu inatengenezwa na ini na kutumika mwilini ikaisha, na kwamba hupenya kutoka kulia kwenda kushoto kwa matundu yasiyoonekana katika ukuta wa katikati ya moyo. Watu walimwamini kwa zaidi ya miaka elfu moja. Katika karne ya 13, Ibn al-Nafis, aliyezaliwa Syria na kufanya kazi Cairo, aliandika waziwazi kwamba ukuta huo hauna tundu lolote, na kwamba damu lazima ipitie mapafuni. Kisha mwaka 1628 Mwingereza William Harvey akafanya hesabu ambayo mtoto wa shule ya Kanyakine angeiweza: alizidisha kiasi cha damu kinachotoka katika pigo moja kwa idadi ya mapigo, akaona kwamba katika nusu saa moyo unatoa damu nyingi kuliko iliyomo mwilini mwote. Ini haliwezi kutengeneza damu kwa kasi hiyo. Basi lazima ni ileile inayozunguka. Mimi hesabu hiyo huipenda kuliko ugunduzi mwingi wa maabara, maana haikutaka chochote ila mtu mwenye nia ya kuhesabu.

Kuna jambo jingine kuhusu moyo mzima ambalo naomba mlishike, kwa sababu tutalirudia. Moyo hula ukipumzika. Msuli wake una mishipa yake midogo ya kuulisha, lakini msuli wa upande wa kushoto ukijikaza, mishipa hiyo hubanwa na damu haipiti vizuri. Hupita ukilegea. Mtu ambaye moyo wake unapiga mara 75 kwa dakika, kila pigo huchukua karibu sekunde 0.8, na sehemu kubwa ya muda huo ni mapumziko. Mapigo yakiongezeka, kinachokatwa zaidi ni mapumziko hayo. Moyo unaokimbizwa siku nzima unafanya kazi zaidi na kula kidogo.

Sasa, unashindwaje?

Wengi mtanijibu kwamba ni mafuta kuziba mishipa, kwa sababu hayo ndiyo tunayoyaona kwenye sinema na kuyasoma katika magazeti ya ng'ambo. Ni kweli kwa Ulaya na Marekani. Huku kwetu hesabu ni nyingine. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Karibu nusu yao chanzo kilikuwa presha. Walioharibiwa moyo na mishipa iliyoziba hawakufika mmoja kwa kumi. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 52, wakati ambapo Ulaya mgonjwa wa namna hii kwa kawaida ni mzee wa miaka 70 na kitu. Miaka 52! Huyo bado ana mtoto sekondari. Bado anapeleka kahawa fakitori mwenyewe.

Presha inaharibu moyo polepole na kimyakimya. Mishipa ikikakamaa na kubana, chumba cha kushoto hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi ili damu ipite. Msuli wowote unaofanyishwa kazi nzito hunenepa, na msuli wa moyo pia hunenepa. Kwa miaka kadhaa mtu hajui lolote, tena anaonekana ana afya. Lakini msuli ulionenepa ni mgumu, haulegei vizuri kupokea damu, na unahitaji chakula kingi kuliko mishipa yake inavyoweza kuuletea. Mwishowe unachoka, unatanuka, na kuta zinalegea. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja maishani. Takwimu hiyo ya pili ndiyo inayonikera.

Chanzo kingine huanzia kooni kwa mtoto. Mtoto anaumwa koo, homa inapanda, anapewa maji ya ndimu na kurudi darasani. Bakteria walioleta maumivu hayo, wanaoitwa streptokoka, huuchochea mwili kutengeneza kinga, na kwa baadhi ya watoto kinga hiyo hukosea shabaha ikashambulia viungo na vali za moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo hupona, vali hubaki na makovu, nyingine zikashindwa kufunguka, nyingine zikashindwa kufunga. Miaka kumi baadaye msichana anapata mimba ya kwanza, damu mwilini inaongezeka, na vali iliyokuwa ikivumilia inashindwa. Mtoto aliyekwisha kuugua homa hiyo hukingwa kwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Ni sindano ya zamani, ya bei nafuu, na inauma. Mama asimhurumie mtoto akamwachisha. Vali ikishaharibika, ni upasuaji, na upasuaji wa moyo hatuna hapa karibu. Utaambiwa Nairobi, karibu kilomita 200 kutoka hapa Kanyakine, au Tenwek kule Bomet. Wenzetu wa Tanzania wana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 pale Muhimbili, na Waganda wana taasisi yao Mulago.

Wapo pia akina mama ambao moyo hudhoofika katika mwezi wa mwisho wa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua, bila presha wala ugonjwa wa vali. Mama mchanga anahema, miguu imevimba, na kila anayekuja kumwona anasema ni uchovu wa uzazi, au amepigwa na baridi, avae sweta. Jamani, mama mchanga asiyeweza kulala chali apelekwe hospitali usiku huohuo.

Pombe nayo inaudhoofisha msuli wa moyo, si lazima iwe chang'aa. Bia nyingi za kila siku kwa miaka zinatosha. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha huharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika huulemea upande wa kulia wa moyo. Kuhusu miraa ya Nyambene na muguka wa Mbeere, najua nazungumza na watu waliosomesha watoto kwa mazao hayo, na mwaka 2024 Mombasa ilipopiga marufuku muguka tuliona makelele yaliyotokea. Sina haja ya kurudia ugomvi ule. Nasema tu kwamba kathinoni iliyomo ndani yake hupandisha presha na kuongeza kasi ya mapigo, na mtu ambaye tayari moyo wake umechoka hana sababu ya kuutafunia.

Haya, sasa tufike pale nilipowaahidi. Moyo umedhoofika, damu inayotoka imepungua kidogo. Mwili unafanya nini?

Miongoni mwa wa kwanza kugundua ni figo. Figo hazijui kwamba kuna moyo mgonjwa. Kinachozifikia ni habari moja tu, kwamba damu imepungua. Na tangu binadamu awepo, damu ikipungua ilikuwa na maana mbili: ama mtu amejeruhiwa anavuja damu, ama ametembea juani kutwa bila maji. Kwa hali zote mbili dawa ni moja, kuzuia chumvi na maji visitoke, na kubana mishipa ili presha isianguke. Kwa hiyo figo hutoa renini, nayo huamsha angiotensini, nayo huamsha aldosteroni, kila moja ikiitana na nyingine. Chumvi inarudishwa mwilini badala ya kwenda na mkojo, na palipo na chumvi maji hubaki. Kiu inazidi. Wakati huohuo adrenalini inamwagwa, na moyo unaamrishwa uende mbio.

Mwanzoni mpango huu unafanya kazi. Msuli wa moyo una tabia iliyoelezwa na Mjerumani Otto Frank na Mwingereza Ernest Starling: ukijazwa zaidi na kuvutika, hujikaza kwa nguvu zaidi. Damu iliyoongezeka inaujaza, moyo unajibu, mgonjwa anaona nafuu. Hata hajui kwamba ameanza kuugua. Lakini kuvutika kuna mpaka. Ukipita mpaka, nguvu haziongezeki tena. Sasa mishipa iliyobanwa inaufanya moyo usukume dhidi ya mlango mwembamba. Mapigo ya mbio yanaunyima moyo muda wa kula. Na maji yanazidi kurundikana. Moyo unatoa damu pungufu zaidi, figo zinapata hofu zaidi, zinazuia chumvi zaidi. Mgonjwa ana lita kadhaa za maji ya ziada mwilini mwake, na figo zake bado zinaamini kwamba anakufa kwa kiu.

Maji hayo lazima yakae mahali. Upande wa kushoto ukishindwa, damu hurundikana nyuma yake, yaani mapafuni, na maji yanavuja kwenye vifuko vya hewa. Upande wa kulia ukishindwa, damu hurundikana miguuni, kwenye ini na tumboni. Bonyeza kifundo cha mguu kwa kidole uhesabu hadi kumi. Shimo likibaki, hayo ni maji. Na sasa mito inaeleweka. Mchana, mtu akiwa wima, maji hutulia miguuni. Akilala, maji yaliyokuwa miguuni hurudi kwenye damu na kufika kifuani, mapafu yanalemewa, naye anaamka akihema na kukohoa saa mbili baada ya kulala. Akiketi, anapata nafuu. Ndiyo maana pia anaenda kukojoa mara nyingi usiku: akilala, figo angalau hupata damu. Ni ugonjwa unaodanganya sana. Wengine hutibiwa pumu kwa miaka, wengine nimonia mara tatu kwa mwaka mmoja, na wazee huambiwa ni uzee. Kukohoa usiku ukiwa umelala na kupata nafuu ukiketi si uzee.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni ile picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, eko. Haiumi, haina mionzi. Inaonyesha vali, inaonyesha unene wa kuta, na inaonyesha ni sehemu gani ya damu iliyomo inatoka kwa pigo moja. Moyo mzima hutoa zaidi ya nusu, tuseme 70 kati ya mililita 120. Ikishuka chini ya asilimia 40, umedhoofika. Wapo wengine, hasa akina nyanya wenye presha ya miaka mingi, ambao asilimia yao ni nzuri lakini moyo wao ni mgumu na haujai. Nao pia wanavimba na kuhema, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba asilimia nzuri ni afya.

Tiba nayo ina historia ya kuvutia, na inathibitisha hoja yangu. Mwaka 1785 daktari William Withering wa Birmingham aliandika kitabu kuhusu ua liitwalo digitali, baada ya kupata habari za mama mmoja wa mitishamba aliyekuwa akiwatibu watu waliovimba miguu. Kutoka hapo ikaja digoksini, ambayo bado iko hospitalini. Mama yule alikuwa na haki yake katika sayansi, lakini Withering alitumia miaka mingi kupima kiasi, kwa sababu kipimo kinachoponya na kinachoua kwa dawa ile havitofautiani sana. Nawaambia wanaouza mizizi kwenye chupa pale sokoni.

Kwa muda mrefu baadaye, fikra ya madaktari ilikuwa kwamba moyo uliochoka uchochewe ufanye kazi zaidi. Ni fikra ya kawaida; hata mimi ningeiwaza. Mwaka 1975 Finn Waagstein na wenzake huko Gothenburg, Sweden, wakachapisha jambo la kushangaza. Waliwapa wagonjwa dawa za kupunguza mapigo, dawa ambazo vitabu viliwakataza kabisa watu wenye moyo dhaifu, na wagonjwa wakapata nafuu. Wengi walikataa kuamini. Mwaka 1987 utafiti wa wagonjwa 253 katika nchi za Skandinavia ulionyesha kwamba enalaprili, inayozuia angiotensini isitengenezwe, ilipunguza vifo vya miezi sita kwa asilimia 40. Mwaka 1999 spironolaktoni, inayozuia aldosteroni, ikapunguza vifo kwa asilimia 30, na mwaka huohuo tafiti kubwa zikathibitisha kwamba Waagstein alikuwa sahihi: dawa zilezile zilizokatazwa zilipunguza vifo kwa karibu theluthi. Tangu 2019 imejulikana kwamba hata dapaglifozini, iliyotengenezwa kwa ajili ya kisukari, inausaidia moyo dhaifu, na asiye na kisukari pia. Tazameni dawa hizi. Hakuna inayouchapa moyo uende mbio. Nyingi kati yake zinanyamazisha kelele za uokoaji.

Hapa ndipo wagonjwa wengi wa kwetu hukosea, na siwalaumu. Hospitalini mtu hupewa kidonge cha kutoa maji, furosemidi, ambacho wengi mnakijua kwa jina la Lasix. Hicho unakiona kikifanya kazi: unakimbia chooni, siku tatu miguu imenywea, usingizi umerudi. Vidonge vingine huvisikii vikifanya lolote. Kimoja pengine kinakuletea kizunguzungu kidogo. Mtu akirudi nyumbani na pesa zimepungua, anachagua kununua Lasix na kuacha vingine, au miguu ikishanywea anaacha vyote. Lakini Lasix inatoa maji tu. Figo zikiachwa na hofu yake, zitayarudisha. Vidonge usivyovisikia ndivyo vinavyoongeza miaka, na vyote nilivyovitaja vya zamani, enalaprili, spironolaktoni na dawa za kupunguza mapigo, vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na hutengenezwa na kampuni nyingi, kwa hiyo si dawa za matajiri. Ukiwa unapungukiwa na pesa, mwambie daktari waziwazi akupangie, usijichagulie mwenyewe. Na kama una mimba au unatarajia kushika mimba, mwambie pia, maana enalaprili haimfai mtoto aliye tumboni.

Jambo la dawa za maumivu nalisema kwa msisitizo. Mzee anayeumwa magoti baada ya kuchuma kahawa anaenda kemisti kununua Brufen au diklofenaki. Dawa hizo huzifanya figo zizuie chumvi na maji. Mtu mwenye moyo dhaifu akizitumia wiki moja anaweza kurudi wodini akiwa amevimba upya, na hakuna atakayefikiria kumwuliza kuhusu magoti. Mwulizeni daktari dawa nyingine.

Chumvi, mnajua. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu tano kwa siku, ambayo ni kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ikiwa pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na kwenye vikolezo vya mchuzi. Githeri ikipikwa na vitunguu, dania na ndimu hailalamiki.

Kitu kinachosaidia kuliko vyote nyumbani ni mizani. Jipime kila asubuhi ukishakojoa na kabla ya chai, uandike. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu, hiyo si nyama wala mukimo wa arusi. Ni maji, na yameanza kurundikana kabla miguu haijaonyesha. Nenda kliniki siku hiyo, usisubiri mpaka ushindwe kupumua ukabebwa na bodaboda usiku. Mkulima wa huku hahitaji kuelezwa kilo mbili zina maana gani. Fakitori ikimpunja hata nusu kilo ya kahawa anajua.

Nimesikia wanaosema afadhali usipime, maana ukipima utaukuta. Presha usiyoipima inaendelea kunenepesha ukuta wa moyo wako usiku na mchana, hata usipoijua. Mwezi Septemba 2023 serikali ilizindua mikoba ya kazi kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, na ndani ya mkoba huo mna mashine ya kupimia presha. Kijijini kwako yupo mmoja, pengine ni jirani yako. Na hospitali ya Kanyakine mnaijua, Consolata Nkubu mnaijua, na watu wa Chogoria mna hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Uskoti mwaka 1922. Kipimo chenyewe ni dakika tano. Namba ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90, upimwe tena siku nyingine, na zikirudi hivyo uanze matibabu.

Basi ombi langu ni kwa nyinyi vijana mliorudi nyumbani wikendi hii na mnaonisikiliza sebuleni kwa wazazi. Mwiteni yule mhudumu wa afya leo, awapime baba na mama, nanyi mpimwe. Ziandikeni namba kwenye daftari, na mtazame vidonge vilivyoko juu ya kabati: kama mzazi amebaki na cha kutoa maji peke yake, mrudisheni kliniki Jumatatu.